Kufuli Mbili za Mama Mkubwa

Ukifika kwetu Uriri na simu yako ikawa imewashwa WiFi, itakuonyesha jina kabla hujagusa geti. Watu wengine huipa mitandao yao majina ya ukoo au ya watoto, na wengine huacha zile herufi na namba ambazo kifaa kilitoka nazo dukani. Wetu unaitwa NILIKUWA WA KWANZA. Jina hilo linasomeka barabarani na kwenye viti vya nyuma vya kanisa lililo mkabala nasi, na wenye boda boda wanaopumzika kando ya ua wanalijua kuliko wanavyoyajua majina yetu. Mimi nafanya kazi Homa Bay, na kila nikirudi nyumbani, simu ikitoa tu jina hilo, uso huniwaka.

Aliyelitunga ni Mama Mkubwa, mke wa kwanza wa baba yangu, mikayi wa boma letu. Mimi ni wa nyumba ya pili. Alilitunga akiamini ni siri yake, kwamba hakuna mwingine atakayelijua. Hakujua kwamba jina la mtandao hutangazwa hewani kwa kila mwenye simu. Tulilisoma sote. Wengine walicheka, mama yangu mzazi alilisoma akanyamaza, na kwa muda mrefu nyumbani kwetu swali lilikuwa hilo moja: nani atamwambia.

Alikozaliwa na aliyemzaa sitaeleza, hayo wapo wanaoyajua vizuri kuliko mimi. Mimi namjua kwa chaki. Alifundisha sayansi shule ya msingi mpaka akastaafu, na nikiwa mwanafunzi wake nilimwita Mwalimu mchana na Mama Mkubwa jioni. Ukikosea, ukamwita Mama darasani, alikugeukia taratibu na kukuuliza kama umekuja shule kunyonya. Ukikosea upande wa pili, ukamwita Mwalimu jikoni, alifurahi, ingawa alijifanya amekasirika.

Darasani alikuwa na maswali matatu na hakuchoka nayo. Aliinua kitu juu, mbegu au balbu au kipande cha waya, akauliza: Hiki ni nini? Kazi yake nini? Kikikosekana, itakuwaje? Mtoto akiruka kwenda swali la pili kabla ya kujibu la kwanza, alirudishwa. Kitu ambacho hujakipa jina, alisema, huna ruhusa ya kukieleza. Ndiyo sababu jambo hili linaniuma hasa. Mtu aliyetufundisha kutaja vitu kwa majina aliteleza mahali penye jina.

Kufuli nazo zilikuwa ugonjwa wake. Kabati la vifaa shuleni alilifunga kwa kufuli mbili, moja juu na moja chini, na funguo zake hazikukaa pamoja: mmoja kwenye mkoba, mwingine umefungwa kwenye ncha ya leso. Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Sanduku la vyombo vya wageni lilikuwa na kufuli mbili, stoo ya mahindi kufuli mbili. Alisema kufuli moja ni ya kumzuia mtu mwaminifu asijaribiwe, na ya pili ndiyo ya mwizi. Lakini mtu huyo huyo jiko lake halikuwa na mlango wa maana, na mtoto yeyote wa jirani aliyepita na njaa aliingia akajipakulia. Nilimwuliza mara moja kwa nini sahani zinalindwa na chakula hakilindwi. Aliniambia sahani haziishi, ndiyo maana watu huziiba.

Yeye na mama yangu walikuwa na ugomvi wao wa kila msimu, wa kuku kuingia bustanini, wa kamba ya nguo, wa nani alimwaga maji machafu njiani. Walinuniana wiki nzima, kisha mmoja akaanza kumsema mtu wa tatu, na mwingine akashindwa kunyamaza. Lakini mtu wa nje hakuruhusiwa kumgusa mama yangu hata kwa neno. Mfanyabiashara mmoja Migori aliwahi kumwita mama yangu "yule mdogo" akimaanisha dharau, na Mama Mkubwa akaweka chini kikapu chake na kumtaka arudie, kwa Kiswahili cha ofisini, kile alichokitumia kwa wakaguzi wa shule na kwa wezi. Mtu yule alirudia kwa heshima zote. Njia nzima ya kurudi nyumbani Mama Mkubwa alimgombeza mama yangu kwa kuacha watu wamzoee.

Baba alipofariki walibaki wawili bomani. Binti za Mama Mkubwa waliolewa mbali. Mwanawe wa pekee alikwenda kisiwani Remba kununua na kuuza omena, na kisiwa kikamshika. Hapo ndipo nilipoanza kufikiria WiFi. Nilitaka mama yangu aone sura yangu tunapozungumza, si kusikia sauti inayokatika tu. Nikanunua ruta, nikampangia fundi kutoka Migori, nikampigia mama kumweleza kwamba kifaa kitakaa sebuleni kwake.

Mama alikataa. Hakukataa kwa hasira, alikataa kama mtu anayemkumbusha mtoto jambo ambalo hakupaswa kulisahau.

"Hata mahindi mimi siwezi panda kabla Mikayi hajapanda," alisema. "Sasa hii unataka ianze kwangu?"

Nilimweleza kwamba ruta si mbegu. Alinijibu kwamba kitu kipya ni kitu kipya. Basi ruta ikaenda kwa Mama Mkubwa. Nyumba yake inatazamana na geti, kama desturi inavyotaka, na ya mama iko pembeni kwa nyuma, kuta zake za mabati. Katikati ya nyumba hizo mbili lipo tangi kubwa la maji ya mvua. Mtu yeyote anayejua mambo ya mawimbi angeona balaa hapo: bati huyarudisha, maji huyameza. Mama Mkubwa, alipopata habari kwamba nyumba ya pili imekataa kutangulia, hakusema asante. Alifua pazia la dirisha la mbele na kupanga kijimeza cha kuiwekea ruta, na kitambaa cha kufuma juu yake.

Siku ya kufungwa mimi nilikuwa kazini. Fundi ndiye aliyenisimulia baadaye. Alipanda juu ya paa akaweka antena ya kupokea kutoka mnara wa mjini, akashusha waya mpaka kwenye ruta, taa zikawaka. Kisha akafungua ukurasa wa mipangilio kwenye simu na kumwambia, "Mathe, hapa unaweka jina, na hapa password." Fundi akataka kuandika yeye. Mama Mkubwa akamwambia siri haitajwi mbele ya watu. Akaichukua simu, akampa mgongo, akaandika nafasi ya kwanza, akaandika nafasi ya pili, akamrudishia ikiwa imeshahifadhiwa. Nilimwuliza fundi kwa nini hakumwambia chochote alipoliona jina lile. Alisema alidhani mama anajisifu tu, wateja wake huandika makubwa kuliko hayo.

Jioni hiyo Mama Mkubwa alinipigia. "Nimefunga kufuli mbili," aliniambia. "Hata wewe huingii." Nilicheka, sikuelewa. Nilielewa nilipokwenda nyumbani mwisho wa mwezi na simu ikanionyesha jina lile nikiwa bado barabarani. Nafasi ya kwanza aliiona ni kufuli ya juu, na ya pili kufuli ya chini. Siku ile fundi alimbonyezea jina kwenye simu yake, yeye akaandika neno la siri tu, na tangu hapo ilikuwa ikishika mtandao yenyewe, kwa hiyo hakuwa na haja ya kufungua orodha ya majina na kuliona la kwake. Wageni hakuwagawia. WiFi si uji, alisema.

Na mengine yote aliyashika barabara. Alipanga maneno ya mambo haya kwa maswali yake matatu na akawa anawafundisha jirani, kwa chaki, kwenye ubao wa mlango wa stoo. Ruta, aliwaambia, kazi yake ni kugawa. WiFi ni njia kutoka kwa ruta hadi kwenye simu yako. Intaneti ni mzigo unaopita katika njia hiyo. Mtu akija kulalamika kwamba WiFi imeisha alimkalisha chini. WiFi haiishi, kiasi unachonunua ndicho kinachoisha. Njia ipo, ila hakuna kinachopita. Alijua kwamba ruta ikiwekwa chini ya meza inajinyima, ikiwekwa juu inaona mbali. Alizunguka boma lote na simu mkononi, mbele ya tangi na nyuma yake, akihesabu vile vistari vya nguvu ya mawimbi, akarudi kutangaza kwamba maji ndiyo adui. Wanawake wa kanisani walimsikiliza kwa adabu. Walipotoka nje waliangalia simu zao, wakasoma jina, wakafunika midomo.

Niliona aibu kwa ajili yake, na aibu ya namna hiyo ni mbaya kwa sababu huna pa kuipeleka. Anasimama mbele ya watu na chaki, anaeleza kwa usahihi kila kitu, na jambo lake la ndani limebandikwa hewani juu ya kichwa chake. Tena niliona aibu kwa ajili yetu sisi wa nyumba ya pili, kwa kuwa sote tulilichukulia jina lile kuwa jiwe alilotutupia. Nilikuwa wa kwanza. Lingekuwa na maana gani nyingine? Kwamba boma lilikuwa lake kabla ya sisi kuja kulijaza.

Wenye boda boda walianza kumwita mama yangu Wa Pili. "Wa Pili, habari ya leo?" Mama alijibu salamu akatabasamu, akapita. Kwake jina lilifika lakini mtandao haukufika. Simu yake ilionyesha maneno yale na kistari kimoja hafifu, basi. Mama Mkubwa aliwahi kumwambia alete simu amwekee neno la siri, aje kukaa barazani kwake ambako mawimbi yana nguvu. Mama akasema simu yake ni ya kuongea tu.

Kilichobadilika hakikuwa kikubwa, na mgeni asingekiona. Zamani mama alikuwa akipika jioni na kwenda na sufuria kwa Mama Mkubwa, wakala pamoja, wakisema watu mpaka chai inapoa. Sasa alipeleka chakula, akakiweka mezani, akasema kuku hawajafungwa, akarudi kwake. Mama Mkubwa alinipigia akaniuliza mama yako ana nini. Nikamwambia labda amechoka. Akaniambia kwamba uchovu hauji mtu akiwa na mtu mmoja tu. Mbona hachoki kanisani? Baadaye akaacha kuuliza, na hilo lilinitisha zaidi, maana hakuwa mtu wa kuacha swali.

Kisha macho yake yakaanza ukungu. Nilimchukua akaja kwangu Homa Bay, akafanyiwa upasuaji wa jicho moja, na akakaa kwangu siku chache akiwa amefunikwa bandeji upande mmoja. Alikuwa mgonjwa mgumu. Aliwasahihisha wauguzi matamshi, alikataa uji wangu, na akasema ruta ya kwenye ploti yetu imewekwa mahali pa mtu asiyesoma. Siku ya kuondoka, tukiwa tunafunga mkoba, aliniambia ninunue kile kisanduku kidogo ambacho huchomekwa ukutani kikapokea mawimbi na kuyarudia mbele. Fundi hukiita ripita.

"Ya nini, Mama?"

"Ya nyumba ya mama yako. Yule hawezi kuja kwangu. Basi wacha nimfikie."

Nilikinunua. Njia nzima ya kwenda Uriri nilikuwa nacho mapajani, na nilijua mwisho wa mambo umefika. Ripita hurudia kila kitu, na jina pia. Ili mama aingie, ingebidi ayabonyeze maneno yale kwa kidole chake mwenyewe. Singeweza kumfungia kitu hicho mama yangu nyumbani kwake, na singeweza kukataa bila kusema sababu.

Tulifika alasiri. Mama alikuja kumsalimia Mama Mkubwa, akamwuliza habari ya jicho, akaweka uji mezani, akasema ana nguo kwenye kamba. Tukabaki wawili. Mama Mkubwa aliketi karibu na dirisha lile lenye ruta, jicho lake moja likiangalia mlango ambao mama alitokea. Nilimwambia kabla sijafunga kisanduku nina jambo.

"Sema."

"Ile jina ya WiFi, Mama. Inaonekana."

"Kwa nani?"

"Kwa kila mtu ako na simu. Jina si kufuli. Ni kibao cha getini. Kufuli ni ile ya pili peke yake."

Nilimwona anapita katika maswali yake matatu, la kwanza, la pili, na la tatu likamkwama. Mkono ulikwenda kwenye kitambaa cha kufuma, akakinyoosha mahali ambapo hapakuwa na kunjo.

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

"Na kanisani?"

Nikaitikia kwa kichwa, kisha nikakumbuka jicho lake la upande niliokaa ndilo lililofunikwa bandeji, nikasema ndiyo.

"Na nyieka?"

Hilo ndilo neno la kumwita mke mwenza kwa Dholuo, na hakuwa na kawaida ya kulitumia nikiwepo. Nikamwambia mama alilisoma zamani.

Alivuta leso akajifunika uso wote, jicho zima na jicho bovu. Sikuwa nimewahi kumwona Mama Mkubwa akijificha. Alikaa hivyo na mimi nikakaa mbele yake na kisanduku mkononi, nikitamani ningekuwa Homa Bay, Migori, popote pengine. Aliposema, alisema akiwa ndani ya kitambaa. Alisema sasa ameelewa ule uchovu. Alisema amesimama mbele ya watu hao hao akiwafundisha njia na mzigo.

Nikamwambia jina linabadilishwa sasa hivi, ni kazi ndogo. Akashusha leso.

"Ukiitoa leo, watajua nimejua. Iache."

Kisha akasema niandike neno la siri la kuunganishia kile kisanduku, kwa kuwa yeye haoni vizuri. Nilishika simu. Mtu ambaye hakuwahi kutaja siri mbele ya watu alitazama ukutani, akalitamka polepole, kama imla.

"Nisiwe wa mwisho. Yote pamoja, bila nafasi."

Nadhani nilimtazama vibaya, kwa sababu alianza kueleza bila kuulizwa. Ilikuwa sentensi moja, alisema, ameikata nusu kwa ajili ya kufuli mbili. Nilikuwa wa kwanza, nisiwe wa mwisho. Haikuwa ya kumwambia mtu. Ilikuwa ya kumwambia Mungu, na alidhani mahali pale Mungu peke yake ndiye angeisoma.

"Niliingia hii boma nikiwa peke yangu," alisema. "Baba yenu yuko kazi, mimi na kuta. Mama yako alipokuja, nililala usingizi. Watu walidhani nalia. Sasa tumebaki mimi na yeye, na mimi sitaki kumzika nikarudi pale nilianzia."

Niliona haya kuwa mtoto wake wa kulelewa na wa darasani, na kwa miezi yote ile kutomsoma vizuri kuliko wenye boda boda. Nilimwuliza kama nimwandikie mama neno hilo kwenye simu yake mimi mwenyewe, kimya kimya, ili lisitajwe.

"Mwache aandike. Ameshasoma nusu."

Nikazunguka tangi nikaenda kwa mama. Nilichomeka kisanduku karibu na mlango, taa ikapepesa, ikatulia. Mama alikuwa akikunja nguo juu ya kiti. Nikampa simu yake, nikamwambia Mikayi anataka apate mtandao, abonyeze lile jina. Aliangalia maneno yale, safari hii yakiwa na vistari vyake vyote, akaniangalia mimi.

"Lazima?"

"Lazima, Mama."

Akabonyeza. Nikaanza kumtajia herufi, naye akizitafuta moja moja kwa kidole cha shahada, miwani ikimshukia puani. Alipofika katikati aliacha kunisikiliza, akarudi mwanzo, akayasoma aliyoyaandika kwa midomo tu. Zilizobaki alizijaza mwenyewe bila mimi kumtajia. Alikosea moja tu, nikamwonyesha, akaifuta akaandika upya.

Simu ikashika. Mama aliiweka juu ya nguo zilizokunjwa.

"Na mimi nilidhani ananifukuza," alisema.

Akasimama, akafunua sufuria kuona kilichomo, akaifunika na kuibeba kwa pindo la kanga yake. Mlangoni aliniambia nifunge kuku, maana yeye atakawia. Nilimwona akipita kando ya tangi, akaingia kwa Mama Mkubwa bila kubisha. Simu yake, aliyoiacha juu ya nguo, ilianza kuita, ile sauti ya simu ya video, mtu fulani akitaka kumwona uso. Nikaiacha iite.